Maswali na Majibu: Mbwa Wakubwa wa Mtaani Kwetu

Pita mtaa wowote wa mjini jioni utawakuta: German Shepherd nyuma ya geti hili, Rottweiler nyuma ya lile, na siku hizi Boerboel wa Afrika Kusini na Great Dane. Watoto wanawajua kwa majina, bodaboda wanawajua kwa sauti. Barua zinazotufikia juu yao zinafanana kwa jambo moja: wenye mbwa wengi hawajui mbwa wao ana kilo ngapi. Kwa mbwa mkubwa hilo linaumiza, maana chakula, dawa ya kupe, dawa ya minyoo na hata ukubwa wa banda hufuata uzito. Basi mpime kwanza. Akiwa bado anabebeka, panda naye mizani ya bafuni, kisha panda peke yako, utoe. Akishakuwa mzito, mpeleke duka la nafaka lenye mizani ya magunia. Wengi hawakatai ukifika asubuhi kabla ya wateja.

Habari za kazi. Nina mtoto wa Rottweiler, dume, miezi minne. Anakula sana, ugali na pafu, lakini miguu ya mbele imeanza kupinda kwenda nje na vidole vimeachana. Jirani mwenye German Shepherd anasema nimpe DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi, kijiko kila mlo. Nimpe? — Mama wa Goba, Dar es Salaam

Nzuri, mama. Usimpe kwanza. Miguu ya namna hiyo huletwa na upungufu wa kalsiamu, na huletwa pia na kalsiamu iliyozidi, na ukikosea upande unamharibu zaidi.

Kwa chakula ulichotaja tunashuku upungufu. Pafu na ugali vina fosforasi tele lakini kalsiamu karibu hakuna. Damu ya mbwa haikubali kupungukiwa na kalsiamu, kwa hiyo mwili unaifuata kwenye mifupa. Mifupa inalainika, inapinda kwa uzito wake mwenyewe, na mtoto anaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi mbili tu za baraza.

Ushauri wa jirani unaleta ubaya wa upande wa pili, hasa kwa mtoto anayekula chakula cha mfuko ambacho tayari kimepimwa. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hawezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Utumbo unaendelea kuifyonza hata ikizidi. Gegedu za viwiko na mabega hushindwa kugeuka mfupa kama inavyotakiwa, na kufikia miezi minane unaona mbwa anachechemea bila jeraha. Tena kalsiamu nyingi pamoja na unga wa mahindi huzuia madini ya zinki kufyonzwa, na ndipo magamba yanapoota kuzunguka midomo, macho na viwiko, watu wakidhani ni ukurutu. DCP ni ya kuchanganyia chakula cha kuku na ng'ombe kwa vipimo vyao. Kijiko cha jikoni si kipimo.

Jihadhari pia na sindano ya vitamini A, D na E ya ng'ombe ambayo baadhi ya wauza dawa humpiga mtoto wa mbwa "ili miguu inyooke". Vitamini D hujilimbikiza mwilini, na ikizidi huharibu figo.

Fanya hivi. Wiki hii daktari wa mifugo amshike viungo vyote vya miguu. Akilia anapokunjwa kiwiko, au akichechemea, apigwe picha ya eksirei. Kama hospitali ya karibu haina mashine, wapo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwa wasomaji wa Kenya, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Chakula mbadilishie kiwe kile kilichoandikwa kwenye mfuko kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Soma nyuma ya mfuko: kalsiamu iwe kati ya asilimia 0.8 na 1.5, na fosforasi iwe chini yake kidogo. Mhamishe kwa siku saba: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kisha chote. Baada ya hapo usiongeze kitu, si unga wa mifupa, si maziwa ya unga, si vidonge. Kama mfuko ni ghali, msingi wa kalsiamu uwe dagaa wazima, na vichwa na miiba yake, waliooshwa mchanga na kusagwa. Lakini mchanganyiko wa nyumbani kwa mtoto anayekua lazima daktari aupigie hesabu kwa kilo zake. Hapo kukadiria kwa macho hakufai.

Halafu kuna unene, na hapa wapenzi wa Rottweiler wengi hukosea kwa sababu ya mapenzi. Mtoto mnene anapendeza, majirani wanamsifu, lakini mifupa yake bado ni laini na kila kilo ya ziada inaikandamiza. Kidole chako kikipita ubavuni kihisi mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Milo mitatu hadi afike miezi sita, kisha miwili. Mpime kila Jumapili na uandike. Hatapungukiwa na ukubwa. Ukubwa uko kwenye damu ya wazazi wake. Atakua polepole na kuendelea kujaza mwili hadi karibu miaka miwili.

La mwisho ni sakafu. Marumaru zinazoteleza huachanisha miguu ya mtoto kila anaponyanyuka. Tandika mkeka wa mpira au zulia kuukuu pale anapolala na anapokula. Acheze kwenye nyasi au mchanga, atembezwe dakika 15 hadi 20 mara mbili kwa siku. Asikimbizwe nyuma ya bodaboda, asirukie wala kurukishwa kutoka kwenye gari. Kama ilikuwa ni chakula tu, utaona tofauti ndani ya wiki tatu au nne.

Great Dane wa jirani yetu, aliyependwa na mtaa mzima, alikula usiku akacheza na watoto. Baada ya muda mfupi akaanza kuhangaika, anataka kutapika hatapiki, tumbo limejaa. Asubuhi amekufa. Watu wanasema kawekewa sumu na wameanza kutajana majina. Je, ni kweli? — Msomaji, Njiro, Arusha

Poleni sana. Tusingependa majirani wagombane kwa hili, kwa sababu dalili ulizoeleza ni za tumbo kujaa hewa na kujisokota. Huwapata mbwa wenye kifua kirefu kushuka chini: Great Dane kuliko wote, kisha German Shepherd, Rottweiler na wenzao.

Tumbo linajaa hewa na chakula, linajigeuza kwenye mhimili wake, na milango yote miwili inazibwa, wa kuingilia na wa kutokea. Ndiyo maana mbwa anajikakamua kutapika na kutoa povu la mate tu. Hewa inaendelea kuongezeka, tumbo linakandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo, na mbwa anaingia kwenye mshtuko. Ni suala la saa chache.

Sumu za kuulia wadudu ambazo watu hutegea mbwa zina sura nyingine: mate yanamwagika, misuli inatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, anaharisha, anapata degedege, na mara nyingi anatapika kweli. Mwenye tumbo lililosokotwa hatapiki kitu, na ukimgonga ubavu nyuma ya mbavu unasikia mlio kama wa ngoma.

Ukiona hivyo, usimpe maziwa, mafuta ya kula, soda wala maji. Havina pa kupita, na vinaweza kuingia kwenye mapafu. Usimbonyeze tumbo. Mpakie kwenye gari na umpigie daktari mkiwa njiani ili aandae chumba. Daktari atatoa hewa kwa mpira au sindano nene, ataweka dripu, kisha atampasua, alirudishe tumbo mahali pake na kulishona kwenye ukuta wa ubavu. Mwulize wazi kama atalishona, maana likirudishwa bila kushonwa mara nyingi hujisokota tena. Kila mwenye mbwa wa aina hizi awe na namba za madaktari wawili wanaofanya upasuaji usiku, na awapigie leo kuhakikisha, asisubiri siku hiyo.

Kuzuia: chakula cha siku kigawe milo miwili au mitatu. Saa moja kabla ya kula na saa mbili baada ya kula asikimbie. Anayebugia mwekee chakula kwenye sinia pana au weka jiwe kubwa lisilomezeka katikati ya bakuli ili alambe kuzunguka. Wanaolala na njaa kutwa wakisubiri mlo mmoja mkubwa wa usiku, kama wanavyofanyiwa mbwa wengi wa ulinzi, wanawekwa kwenye hatari hii kila siku. Na usifuge mbwa wawili wakubwa wakila kwenye bakuli moja. Kila mmoja atameza kwa kushindana.

German Shepherd wangu masikio yamekatika ncha, damu na vidonda haviponi. — Msomaji, Iringa

Ni nzi wanaouma, wale wa zizini. Wanapenda ncha za masikio yaliyosimama. Osha vidonda kwa maji ya chumvi, kausha, paka krimu ya antibiotiki, kisha juu yake paka mafuta mazito ya mgando asubuhi na mchana; nzi hawapendi kutua penye utelezi. Samadi na majani yaliyolowa yakae mbali na banda, kwa sababu humo ndimo nzi hao wanamozaana. Kidonda kisichofunga kwa wiki mbili kionwe na daktari.

Sisi majirani wanne wa Kimara tuna mbwa wakubwa wanane. Kupe hawaishi. Tunaogesha kila wiki, wiki ijayo wamerudi. Sasa mmoja, German Shepherd, anatokwa damu puani. Tunakosea wapi? — Kwa niaba ya majirani, Dar es Salaam

Anayetoka damu puani apelekwe leo. Kupe wa mbwa hueneza vijidudu vinavyoshambulia damu, na chembe za kugandisha damu zikishuka damu hutoka puani, kwenye mkojo au chini ya ngozi kwa madoa mekundu. German Shepherd huumwa vibaya kuliko mbwa wengine. Daktari akithibitisha ugonjwa huo wa kupe, dawa ya kawaida ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 40 ni miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na maji juu yake, kwa sababu kidonge kikikwama kooni kinachoma. Watu huacha siku ya tano mbwa anapochangamka, na ugonjwa hujificha na kurudi ukiwa sugu. Ufizi ukiwa mweupe na mkojo una rangi ya kahawia, huenda ni ugonjwa mwingine wa kupe wenye dawa tofauti, hivyo msikisie bila kipimo cha damu.

Sasa kosa lenu. Kupe huyu wa rangi ya kahawia hukaa kwa mbwa muda mfupi tu. Maisha yake mengi yapo ukutani. Anakunywa damu, anashuka, anapanda kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya fremu za milango na chini ya bati la banda, anajibadilisha, anarudi. Jike mmoja hutaga mayai maelfu. Mnaosha walio juu ya mbwa na kuwaacha walio nyumbani.

Chagueni Jumamosi moja, nyumba zote nne siku hiyo hiyo. Kama dawa yenu ni amitrazi ya asilimia 12.5, kipimo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Mbwa mmoja mkubwa atatumia lita 5 hivi, yaani mililita 10 zilizopimwa kwa bomba la sindano; kifuniko cha chupa hakipimi. Mpake mafuta ya mgando kuzunguka macho. Mloweshe kwa sponji hadi kwenye ngozi, ndani ya masikio kwa kitambaa, katikati ya vidole na chini ya mkia. Usimsuuze. Akauke kivulini, asijilambe. Vaa glavu. Maji yaliyobaki mwagia nyufa za banda, usiyatunze kwa kesho kwa kuwa dawa hupoteza nguvu. Dawa hiyo haifai kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na paka asiguse kabisa. Rudieni baada ya siku 10 hadi 14, mara nne.

Kuta: zibeni nyufa kwa saruji, ondoeni magunia na mbao zilizoegeshwa, na pulizieni banda dawa iliyoandikwa kuwa inatumika kwenye majengo, mbwa wakiwa nje hadi pakauke.

Mwenye uwezo atumie kidonge cha kutafuna, cha mwezi mmoja au cha wiki 12. Ni rahisi na kinaua kupe aliyekwisha uma. Vidonge hivi huuzwa kwa madaraja ya kilo; kumpa mbwa wa kilo 50 kidonge cha kilo 25 ni kupoteza fedha na kumlea kupe. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari.

Na tunasema hili kwa mkazo: ivermektini ya sindano ya ng'ombe isipigwe kwa kukadiria. Kila mililita ina miligramu 10, kipimo cha mwili wa ng'ombe. Baadhi ya mbwa, wakiwemo baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kuzaliwa inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Wanayumba, wanapofuka, wanalala wasiamke.

Mbwa wangu German Shepherd, miaka mitatu, kilo 35. Anakula ugali na omena (dagaa wa ziwani) kila siku, na anakonda. Chakula cha mifuko siwezi. — Msomaji, Kisumu

Chakula cha nyumbani kinamtosha mbwa mzima kikipangwa. Kwa kilo 35 na ulinzi wa kawaida, siku nzima apate unga wa mahindi robo kilo kabla ya kupikwa, omena wakavu gramu 100, nyama, moyo au pafu gramu 200, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, na konzi mbili za sukuma wiki, karoti au boga. Omena waloweke, uwakoroge, umwage maji mara mbili mpaka mchanga uishe chini ya sufuria. Mchanga husaga meno na kukwaruza utumbo. Wapike pamoja na miiba yao, ndiyo kalsiamu yake, hahitaji nyingine. Ini lisizidi mara mbili kwa wiki, kipande kidogo. Vitunguu visiwemo, na mifupa iliyopikwa isiwemo, hasa ya kuku. Gawa mara mbili. Mpime baada ya wiki mbili, kisha ongeza au punguza sehemu ya kumi.

Kabla ya kulaumu chakula, mpe dawa ya minyoo yenye prazikwantel kwa kilo zake kamili, na urudie kila miezi mitatu. Kama anakula kwa uchu, anakonda, na kinyesi ni kingi, laini, chenye mafuta, mwambie daktari achunguze kongosho. German Shepherd wanajulikana kwa ugonjwa huo wa kukosa vimeng'enya. Hutibika kwa unga wa vimeng'enya, au kwa kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni linalochanganywa kwenye kila mlo, likiwa limekaguliwa.

Jambo moja la unga tunalihofia. Mahindi yaliyoota ukungu yakakataliwa na watu, mara nyingi huwekwa kando "ya mbwa". Sumukuvu iliyoua watu mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na katikati ya Tanzania mwaka 2016 huua mbwa kwa wepesi zaidi, na moto wa kupikia hauiondoi. Mbwa anakataa chakula, anatapika, ufizi na weupe wa macho vinageuka njano, anaharisha damu. Hapo ini limekwisha kuharibika. Unga wa mbwa uwe ule ule unaokula wewe.

Assalaam alaykum. Jirani yangu ana Boerboel, mbwa mpole, ila anatoka na kunirambia kanzu nikienda msikitini alfajiri. Sitaki ugomvi. Nimwambieje? — Mzee wa Tanga

Waalaykumus salaam, mzee wetu. Mwambie kama ulivyotuandikia, ili ajue uzito wa jambo: kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa sana pwani, mate ya mbwa yakigusa nguo unalazimika kuiosha mara saba, moja kwa udongo, na swala ya jamaa inakupita. Mbwa wa kulinda nyumba hapingwi; kinachohitajika ni geti kufungwa saa za adhana. Mwombe aweke komeo la kujifunga lenyewe lenye springi kwenye mlango mdogo, na mbwa atolewe matembezi baada ya saa moja asubuhi. Boerboel dume anaweza kupita kilo 70, na wazee huangushwa na mbwa mpole aliyefurahi. Hiyo nayo ni hoja.

Mbwa mkubwa wa jirani amemng'ata mwanangu mkononi getini. Jirani anaapa mbwa ana chanjo, na wengine wanataka auawe. Tumepaka kidonda mafuta ya taa. Je, inatosha? — Baba wa Dodoma

Haitoshi, baba, na mafuta ya taa yaondoeni. Osheni kidonda sasa hivi kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa. Virusi vya kichaa cha mbwa hufa kwa sabuni, na kuosha huku kunapunguza hatari kuliko kitu kingine mnachoweza kufanya nyumbani. Msiweke pilipili, majani wala udongo, na msikifunge kwa kubana.

Leo hii mtoto afike hospitali, hata kama ni usiku. Ataanzishiwa chanjo siku hiyo na kupewa tarehe za kurudi. Zote ni lazima, hadi hospitali iseme vinginevyo. Kidonda kikiwa kimetoboa ngozi, ulizeni pia kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka kidonda, na sindano ya pepopunda. Kadi ya chanjo ya mbwa isiwacheleweshe. Huenda chanjo ilitunzwa nje ya nyuzijoto 2 hadi 8 ikaharibika, au muda wake umepita.

Mbwa msimuue. Afungiwe mahali salama kwa siku 10 chini ya macho ya daktari wa mifugo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na hospitali itaamua juu ya dozi zilizobaki. Akibadilika sauti, akishindwa kumeza au akipooza taya, daktari aitwe mara moja. Akifa, kichwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa.

Kwa mtaa mzima: chanjo ya kwanza ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni nyingi za bure hufanyika kuizunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa mkubwa aende na mtu anayemmudu, mkanda wa shingo ukiwa umebana kiasi cha vidole viwili kupita.

Tumemfunga Rottweiler wetu mnyororo kutwa ili awe mkali usiku, lakini anabweka ovyo na majirani hawalali. Ana uvimbe laini kwenye viwiko. Rafiki amesema tumpe pilipili. — Msomaji, Mwanza

Pilipili humchoma tumbo tu. Mbwa aliyefungwa kutwa hajifunzi kulinda. Haoni nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, hawezi kusogea wala kukimbia, kwa hiyo kila kitu kinamtisha: jani, paka, pikipiki. Usiku anamwaga kile alichokusanya mchana.

Mjengeeni banda. Kwa mbwa wa kilo 40 hadi 50, chumba cha kulala kiwe mita 1.5 kwa 1.2, kimo mita 1.2, na uwanja wake mita 4 kwa 2.5 wenye wavu wa waya nene wa mita 1.8 kwenda juu. Sakafu ya saruji iteremke sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaondoke. Chumba kiinuliwe sentimita 15 kwa mbao. Chini ya bati pigilieni dari, au juu yake wekeni makuti, maana bati tupu mchana hupika. Mlango utazame geti: anapoona anayekuja hana haja ya kubweka kila mlio. Maji yakae ndoo mbili nzito. Kilo 45 huhitaji kama lita 2.5 kwa siku ya kawaida na karibu mara mbili siku ya joto.

Uvimbe wa viwiko ni maji yanayojikusanya kwa kulala kwenye saruji ngumu. Usitobolewe, utaingia usaha. Mpeni godoro la sponji la sentimita 8 au 10 lililovalishwa turubai. Mwingi wake hupungua wenyewe kwa wiki kadhaa. Foronya hiyo ya turubai ifuliwe na kukaushwa vizuri, ikipigwa pasi ni bora zaidi, kwa sababu kuna nzi wanaotaga kwenye nguo zenye unyevu na mabuu yake huingia kwenye ngozi.

Ratiba: saa kumi na moja jioni matembezi ya dakika 40 kwa mkanda, apite nyumba zote za mtaa, anuse, azoee sauti za majirani. Kisha chakula bandani, apumzike kwa saa mbili, ndipo afunguliwe uani. Akibweka kwa sababu, nendeni muangalie, msifuni, mwambieni "basi" na mpeni kipande cha nyama anaponyamaza. Akibweka ovyo msimpigie kelele. Kwake hiyo ni kama mnabweka naye. Wiki mbili za kwanza ni ngumu, msirudi kwenye mnyororo.

Nimhasi German Shepherd wangu wa miezi saba? — Msomaji, Thika

Subiri. Homoni ndizo zinazofunga ncha za mifupa inayokua, na zikiondolewa mapema miguu hurefuka kupita kiasi na viungo hulegea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata magonjwa ya viungo kama mara tatu ya wasiohasiwa. Apite mwaka na nusu. Hadi hapo komeo la geti ndiyo uzazi wa mpango wake, na humkinga pia na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana na mbwa wanaozurura. Siku ya upasuaji aende tumbo tupu kwa saa 8 hadi 12, uzito wake ukiwa umepimwa asubuhi hiyo kwa ajili ya dawa ya usingizi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Asioge wala kuruka kabla ya hapo, na baada ya hapo punguza chakula kwa robo kwa kuwa mbwa aliyehasiwa hunenepa kwa chakula kile kile.